Nusu Pauni ya Mtoto wa Kwanza

6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa mbele yangu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, na dobi wa chumba cha chini bado anawasha pasi zake kabla ya jua, kwa hiyo naishi kwenye mvuke kama ndizi iliyovundikwa. Wauguzi wenzangu wa wodi ya wazazi walikuja kunitembelea, wakaniletea kiti cha kukunja na umbea wa kunitosha mwezi mzima. Msalimie mkeo. Mwambie dawa yake ya kifua nimeipata, nitaituma.

Hongera ya mjukuu. Nimesikia ni wa kike, ana nywele mpaka shingoni, na alianza kulia kabla hajamaliza kutoka. Hao nawajua, nimewapokea wengi kwa mikono hii. Hawaonewi ovyo.

Habari alinipa mama yake mwenyewe, mkweo mwalimu, kwa simu. Alikuwa anacheka mpaka tulipofika kwenye mambo ya dhahabu, hapo akageukia habari za goti langu. Nikamvuta maneno taratibu, kazi niliyoizoea, ndipo akaniambia: mtoto hajakauka hata kitovu, wewe umeshafungua kasha la baba, umetoa sarafu ya dhahabu ya nusu pauni, umeiosha, umeiweka kwenye pamba, unasubiri atimize miezi sita umvalishe.

Nusu!

Najua utaniambia mila. Pauni nzima kwa wa kiume, nusu kwa wa kike, ndivyo ilivyo katika nyumba ya sonara. Mila hiyo naijua kuliko wewe kwa sababu ilianzia shingoni kwangu. Mimi ndiye niliyeitwa Nusu na majirani, na shangazi zetu, na hata wateja wa baba waliokuwa wakiingia dukani na kuuliza, "Nusu, baba yuko wapi?" Niliitwa hivyo mpaka siku niliyopanda basi kuja huku. Unajua kwa nini sikurudi kuishi? Hujawahi kuuliza, basi leo nakuambia.

Nataka mtoto huyu avae nzima. Siombi, nasema kama dada yako mkubwa.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ukibanwa unasema mteja ameingia. Barua haina mteja.

Dada yako.


3 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama na mara ya pili nimekaa. Sisi hatujambo. Bati la duka linavuja juu ya benchi la kazi na fundi wa paa kila siku ni kesho. Mke wangu, yaani wifi yako, amepona kifua, sasa ni mimi ninayekohoa. Kijana wangu, baba mpya huyo, anaendelea vizuri na kazi, mkono wake mwepesi, ila ana haraka. Pete anaichomelea kabla haijapoa. Mtoto anakua, analia kweli, umesema sawa.

Sasa dada. Umestaafu kuzalisha watoto, naona umeanza kuzalisha migogoro.

Nani amesema nusu ni matusi? Mabinti zangu wawili walivaa nusu, wameolewa, wana heshima zao, hakuna aliyenijia na machozi. Wewe ulivaa nusu na hukufa. Ulisoma, ukavaa nguo nyeupe, watu wakakuita sista. Nusu ilikuzuia wapi?

Tena nikueleze hali ya kasha, maana aliye mbali huona kila kitu ni rahisi. Zamani baba alizipata sarafu hizi juu ya meza ya duka. Mteja alilipa pauni, akarudishiwa chenji, jioni baba akachagua zile nzuri akaziweka. Zilikuwa pesa za kawaida. Leo hazizunguki, na anayetaka moja lazima amtafute mtu aliyefiwa anayeuza urithi. Kwenye kasha zimebaki nusu mbili na nzima moja. Moja tu! Hiyo inamsubiri mjukuu wa kiume, na Mungu akijalia hatachelewa. Nikimvalisha huyu binti leo, mwakani nitamwambia nini mwanaume akija? Nimchoree kwenye karatasi?

Mambo ya nyumba hii niachie mimi niliyebaki nayo. Mwalimu ni mtoto mzuri lakini ameingia juzi, na kitabu cha nyumba yetu hakufundishwa chuoni.

Wifi yako anakusalimu sana.

Mdogo wako.


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kunywa maji ya moto yenye chumvi, usukutue, usimeze. Goti langu vilevile. Dobi amegombana na mkewe na tangu juzi pasi hazijawashwa, nimelala mpaka saa mbili asubuhi kama tajiri.

Barua yako ilinipandisha damu. "Hukufa!" Nimepokea watoto karibu miaka arobaini, sikuwahi kumwambia mama yeyote kwamba mtoto wake yuko salama kwa sababu tu hakufa. Kuishi ndicho kipimo chako? Mizani yetu ya wodini ilikuwa moja. Nilimlaza wa kike, nikamlaza wa kiume, na mshale ulisema ulichosema. Ninyi masonara mnaojisifu kwa mizani ndio mliomgawa mtoto wa mtu vipande viwili kabla hajaota jino.

Basi sikiliza nilichofanya. Niliivua nusu yangu shingoni nikaenda nayo mjini kwa mzee mmoja anayeuza sarafu za kale. Duka lake ni uchochoro tu, limebanwa kati ya mchonga funguo na muuza viatu, ukiingia wewe mteja aliyemo lazima atoke. Nilikwenda kwa hasira. Nilitaka aniambie thamani yake, nikuandikie tarakimu ikuumize.

Mzee akaigeuza chini ya kioo, akauliza nimeitoa wapi. Nikamwambia mimi binti wa sonara. Akacheka. Akapitisha ukucha pembeni, kwenye yale meno madogo yanayozunguka sarafu. Akasema, "Haya meno, mama, yaliwekwa kwa ajili ya watu wa kwenu. Zamani wajanja walikuwa wanaikwangua dhahabu pembeni kidogo kidogo, halafu wanailipa sarafu kama haijaguswa. Meno yakikatika, mtu anajua imeliwa." Nikamwambia baba yangu hakula pembeni ya mtu. Akaniomba radhi, akanipa kigoda.

Akanieleza kwamba zilikuwepo za pauni tano na za pauni mbili, kubwa, za kutia watu kiwewe, lakini zilitengenezwa chache na wengi hawakuwahi kuzishika. Zilizofanya kazi mitaani ni nzima na nusu. Na kati ya hizo mbili, akasema, nusu ndiyo iliyotembea zaidi. Nzima mtu alikaa nayo. Nusu ilitoka kwenye mshahara ikaenda kwenye kodi ya nyumba, ikaenda kwa muuza viatu, ikarudi. Ndiyo maana nusu nyingi zimesuguliwa uso mpaka mfalme aliyechorwa hana pua. Hata benki zilizipima, na iliyochoka ikarudishwa kuyeyushwa.

Halafu akasoma mwaka. Akaniuliza, "Umevalishwa lini hii?" Nikamtajia mwaka niliozaliwa. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwaka ule wa vita nzima zilitoweka. Serikali zilizitaka dhahabu zote, zikatoa noti za karatasi. Watu wakaficha, na mtu akificha anaanza na kubwa. Sonara aliyetaka nzima mwaka ule angeitafuta mpaka achoke. Nusu ndizo zilizobaki zikidondoka dukani."

Umenielewa? Baba hakunipa nusu kwa sababu mimi ni wa kike. Alinipa nusu kwa sababu nzima haikupatikana. Mila nzima mliyoijenga juu ya shingo yangu ni sababu iliyobuniwa baadaye.

Halafu kuna jambo la pili, na hili mzee hakulisema, nililiona mwenyewe pale kwenye kigoda. Kila mtoto wa nyumba yetu ana alama kwenye kile kipete kinachopitishiwa mkufu. Binti yako wa kwanza ana nukta moja, wa pili nukta mbili, kijana wako tatu. Mpangilio ni wa baba, kila mtoto na namba yake. Mimi sina hata moja. Miaka yote nilidhani baba alikuwa bado hajaanza kutia alama. Lakini fundi hatii alama kitu cha muda. Alama inatiwa kitu cha kubaki.

Wewe ni mtoto wa pili wa baba. Kipete chako kinatakiwa kuwa na nukta mbili. Vua nzima yako sasa hivi, angalia, uniandikie. Nukta ngapi?

Dada yako.


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, msimu wa harusi umenibana, halafu fundi wa paa alikuja, akatoboa pengine. Sasa maji yanavuja sehemu mbili na amelipwa zote mbili. Wifi yako alisafiri kwa dada yake akakaa wiki tatu, nikala mikate mpaka tumbo likagoma. Kijana amechonga hereni za jani, mteja amezilipia bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo katika duka hili halijapata kutokea. Mtoto ameanza kugeuka mwenyewe. Kikohozi kimeisha, ahsante ya maji ya chumvi.

Kuhusu yule muuza sarafu wako, mimi wachuuzi wa namna hiyo nawafahamu. Watakupigia hadithi mpaka uwauzie kwa bei ya chai. Usiiache nusu yako kwake hata kwa dakika moja.

Macho yangu pia siku hizi si mazuri.

Nitakuambia jambo, na nisamehe, lakini umelitafuta. Unaandika "nyumba yetu, nyumba yetu". Nyumba ipi? Baba alipopooza ni nani aliyemgeuza kitandani? Mama alipokuwa anaita majina ya watu waliokufa, nani alikaa naye akiitikia? Mimi nilifunga duka, nikawaogesha wote wawili. Wewe ulikuwa unaogesha watoto wa watu. Mama tumemzika, wewe umefika siku ya nne na mkoba mzuri. Sikukuambia kitu siku ile kwa sababu wewe ni mkubwa. Leo unaniuliza nukta.

Na wewe hukuzaa. Sisemi kwa kukusimanga, nasema kwa sababu mwenye watoto anajua kuna mambo ya ukoo yanayoshikwa jinsi yalivyo, bila kuyafukunyua, ili watu waendelee kula pamoja.

Mtoto atavalishwa mwezi wa saba, Jumapili ya tatu. Atavaa nusu, na karibu uje ule.

Mdogo wako.


12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nimeziacha, leo sina.

Telegramu ya msiba wa mama ilinifikia siku mliyomzika, nikapanda basi jioni ileile. Ule mkoba ulikuwa wa hospitali, una sanda niliyoinunua njiani kwa kudhani nitawahi. Niliurudisha nayo.

Sikuzaa kwa sababu sikujaliwa. Ukilirudia neno hilo kwa mdomo au kwa kalamu, mimi na wewe tumemalizana.

Nukta ngapi?


26 Julai

Dada,

Moja!

Haya, moja! Umeridhika? Ina nukta moja, imekuwa nayo siku zote, na sihitaji kuvua ili niione, maana nimeipapasa kwa kidole gumba tangu nilipojifunza kazi. Sonara gani asiyejua alama ya mkono wa baba yake? Nilijua nikiwa na miaka kumi na sita. Nilimuuliza baba siku hiyohiyo, ametia miwani puani, anachomelea mkufu. Hakugeuka. Alisema nzima ile aliipata wewe ukiwa unatembea tayari, kwa mteja mmoja mjane aliyefukua chungu chake cha akiba. Akaitengenezea kipete, akatia nukta moja, mtoto wa kwanza, akaiweka tayari kukubadilishia. Wiki ileile mimi nikazaliwa. Wajomba wakaja, wazee wakaja, wote wakauliza kijana wa sonara anavalishwa nini. Kwenye kasha kulikuwa na ile nzima moja na nusu kadhaa. Baba akaona aibu mbele za watu. Akasema moyoni, mkubwa nitampatia nyingine.

Nzima zilipoanza kuonekana tena ulikuwa umeshakuwa mkubwa na jina limekushika. Akaona akikubadilishia atakuwa amekiri. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, wazee wakasema, "Wa kike nusu, kama shangazi yake." Baba yupo pale, akanyamaza. Alinitazama mimi, nami nikanyamaza.

Ulitaka niseme nini? Ungekuwa wewe umekaa kwenye benchi lile kila siku, na kitu pekee kinachokuambia kwamba wewe ni mrithi wa duka kinaning'inia shingoni, halafu unagundua ni cha dada yako, ungemwambia? Wewe uliyekuwa unanishinda kila kitu! Ulinishinda hesabu, ulinishinda kuogelea, mama alikuwa akisimulia hadithi zako hata ukiwa hupo. Nilikuwa na kitu kimoja. Nimekasirika dada, nimekasirika sana, na sijui nimkasirikie nani, baba ameshakufa. Kwa hiyo nimekukasirikia wewe.

Nilimvalisha mtoto nusu Jumapili ile kama nilivyopanga. Watu walikula. Walipoondoka, mwalimu aliivua nusu shingoni kwa mtoto mbele yangu, akaiweka mezani, akaniambia, "Baba, ahsante, lakini huyu hatuanzi naye hivi." Hakupandisha sauti. Kijana wangu akasimama upande wake. Wamepanga chumba karibu na shule. Kijana anakuja kazini asubuhi, anafanya kazi, anaaga, na kati ya hapo hanitazami usoni. Wifi yako analia jikoni na ananilaumu mimi, na wewe, na baba, kwa zamu.

Nzima hii ya shingoni kwangu ni yako. Nikuletee?

Mdogo wako.


9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba ya barua zote mbili, hata hii ambayo hukuniamkia.

Niliisoma barua yako nimesimama dirishani, halafu nikashuka ngazi na goti langu hilihili, nikatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, maana ndani sikutoshea. Dobi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, baba. Akanipa pole, hakujua ni baba aliyekufa zamani.

Aibu mbele za wajomba! Hiyo ndiyo iliyoninyima jina langu. Si umaskini wala vita, maana vita vilikuwa vimekwisha na dhahabu ilikuwa mkononi mwake imeshatiwa alama. Ningemsamehe mtu asiyekuwa nayo. Huyu alikuwa nayo. Na wewe ulijua miaka hamsini, ukala na mimi, ukacheka na mimi, ukanisindikiza kituo cha basi, ukawavalisha mabinti zako kosa hilohilo ukiliita mila. Funika kombe mwanaharamu apite, ila mwanaharamu mwenyewe nilikuwa mimi.

Kwa ile miaka ya kuwauguza wazee, nakushukuru. Sikuwahi kukuambia na nilitakiwa kukuambia. Nakushukuru, na bado nimekukasirikia, usije ukadhani kimoja kimefuta kingine.

Sasa sikiliza ninachotaka, ni mambo mawili tu.

La kwanza, nenda kwenye hicho chumba karibu na shule. Nenda wewe, kwa miguu yako, usimtume mkeo. Chukua ile nzima ya kwenye kasha, umvalishe mtoto mbele ya baba yake na mama yake, na uwaambie kwa nini. Uwaambie yote, na habari ya wajomba usiiruke. Huyo wa kiume anayesubiriwa akija atakuta njia nyingine. Aliyekuja amekuja.

La pili, hiyo ya shingoni kwako usiilete na usimpe mtu. Nitakuja mwenyewe goti likinipa ruhusa. Sitaki kukunyang'anya. Nataka kuishika tu. Nataka niipapase hiyo nukta kwa kidole changu, nijue kwamba siku chache kabla hujazaliwa kulikuwa na mtu aliyenitia alama kama mtoto wake wa kwanza. Baada ya hapo tutaongea nani aivae.

Mpaka nije, usiiguse.

Dada yako.


2 Oktoba

Dada,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Leo nina habari njema tupu. Paa limepona, fundi mwingine, mwanamke, amelimaliza kwa siku moja. Wifi yako anaimba. Na mtoto yuko hapa sakafuni karibu na benchi, anatambaa, anatafuna kamba ya begi langu.

Nilikwenda kwao kama ulivyosema. Chumba kidogo, daftari za wanafunzi mpaka juu ya kitanda. Niliwaambia yote, dada, na wajomba nikawaweka. Kijana wangu aliinama. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, nikatoa ile nzima, akaishika, akaniuliza swali moja: "Na nusu za wifi zangu?" Akasema, "Baba, ukimpa huyu nzima, umewaambia wale wawili kwamba wao hata kosa lao halirekebishiki." Akanirudishia.

Sikulala. Asubuhi nikajua la kufanya, na nilishangaa sikulijua zamani, mimi sonara! Nikawaita mabinti waje na nusu zao, kijana na nzima yake. Nikatoa zilizobaki kwenye kasha. Nikaivua yangu. Nikawasha mkaa, nikaziweka zote kwenye chungu kimoja, zikayeyuka zikawa kitu kimoja chekundu, na hapo hakuna nzima wala nusu, dada, hakuna aliyejua ipi ilikuwa ya nani. Nikamimina, nikagonga, nikakata vipande vya mviringo sawasawa, nikavipima mara mbili mbele yao. Kila kimoja kizito kuliko nusu na chepesi kuliko nzima. Cha kila binti, cha kijana, cha mtoto, changu, na chako. Mwalimu alikitazama cha mtoto, akasema sawa, akamvalisha mwenyewe. Wamerudi nyumbani Jumamosi.

Nimekata mzizi wa fitina. Baba alishindwa, mimi nimeweza. Chako anakuletea kijana mwenyewe, atashuka kituoni kwenu Alhamisi.

Mdogo wako anayekupenda.


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Kijana wako alifika salama, akala vizuri, akanibebea ndoo za maji juu bila kuambiwa. Mmemlea. Alinikabidhi kipande changu mkononi, akaangalia pembeni, nadhani aliniona uso.

Nilikuambia usiiguse.

Sikukuomba haki ya ukoo mzima. Nilikuomba unisubiri nishike kitu kimoja alichonitengenezea baba yangu kabla hajanionea aibu. Ungeyeyusha za dunia yote, ukaiacha ile. Ungeyeyusha hata baada ya wiki moja, nimeshaishika. Lakini ulikuwa na haraka ya kuwa mtu mwema. Ukawakusanya wote, ukawauliza wote, mabinti wakaja na zao kwa hiari yao. Mmoja tu hakuulizwa, na ndiye uliyemwandikia kwa kalamu yako kwamba nzima ile ni yake. Baba aliamua juu yangu nikiwa natembea tayari, na wewe umeamua juu yangu nina mvi. Tofauti yenu ni kwamba wewe umekosea ukitenda jema, kwa hiyo hata nikikupigia kelele nasikika mbaya mimi.

Nimepiga kelele hata hivyo. Dobi amesikia.

Mtoto amevaa sawa na baba yake. Hilo nililitaka, limekuwa, na nimefurahi, mwambie mwalimu nimefurahi sana. Kazi ya mkono wako ni safi, sitasema uongo, pembeni hapana hata kovu. Ila nimekigeuza huku na huku na hakina kitu. Hakina mwaka, hakina uso, hakina mtu. Mzee wa sarafu nilipompelekea alikipima akasema ni dhahabu nzuri, basi, hakuwa na jingine la kusema.

Na mimi nakujua. Mwakani utaanza kuwaambia wateja kwamba kwa masonara wa nyumba hii watoto wote hupewa sawa. Mwaka unaofuata utasema tangu enzi za baba. Wifi yangu ataitikia, wajukuu watakua wakijua hivyo, na hakutakuwa na kitu cha kuwasuta, maana ushahidi umeupika kwenye chungu. Sarafu iliyobaki katika ukoo ni hii nusu yangu, na siitoi, hata ukija na mkaa wako mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto akifika umri wa kuuliza, usimpe mila. Mkalishe chini umwambie hatukupewa sawa. Mwambie wanawake wa nyumba hii walivaa nusu mpaka yeye alipozaliwa, kwamba watu walijua sababu na wakanyamaza, na mmoja wao ni babu yake. Umwambie wewe, kwa mdomo wako. Ukishindwa niandikie, nitakuja nimwambie mimi, goti lipende lisipende.

Kipande nimekivaa. Wewe bado sijakusamehe.

Dada yako mkubwa, wa kwanza.